Kabla ya Bima ya Mbwa, Mtoto wa Jirani

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibenga na mume wangu. Kaka yangu alipohamia Brussels mwaka jana alituachia nyumba yake tukae na kuitunza, pamoja na mbwa wawili, dume mkubwa wa Kijerumani aitwaye Simba na jike wa kienyeji, na paka mmoja. Mwezi uliopita Simba aliumwa sana. Alikataa chakula, fizi zikapauka, mkojo ukawa mweusi. Daktari alisema ni homa ya kupe. Matibabu yalikula faranga 240,000, na sikuwa nazo, nikazitoa kwenye minervali, ile ada ya shule ya watoto. Mume wangu hajasema nami vizuri tangu siku hiyo. Kaka naye ananilaumu kwamba ningemkatia mbwa bima kama wanavyofanya huko kwao yasingetokea. Amenitumia majina ya kampuni tatu za Ulaya, malipo ni kwa yuro kila mwezi. Shangazi, nichague ipi? Na nipangeje matumizi ya hawa wanyama? Karatasi zao za chanjo kaka alizibeba. Nimesahau kukuambia, siku tano zilizopita Simba alimrukia mtoto wa jirani pale getini akamchubua mkono kwa meno, lakini damu ilikuwa kidogo na mama yake hakulalamika.*

*N.Z., Kibenga, Bujumbura*

Mwanangu N.Z.,

Kwanza pumua. Mtu aliyeachiwa nyumba ya nduguye, mbwa wa nduguye na lawama za nduguye, kisha bado akamtafutia mnyama daktari, huyo hana moyo mbaya. Simba hakuwa na mwingine wa kumwendea. Ulichukua fedha iliyokuwa karibu na mkono. Bahati mbaya fedha hiyo ilikuwa na wenyewe, nao ni watoto wako, na hapo ndipo mumeo alipoumia. Ana haki ya kuumia. Tutafika huko.

Maswali yako nitayajibu, la bima na la matumizi. Lakini sitaanza nayo.

Mstari wako wa mwisho

Umenieleza kwa urefu habari ya kampuni na yuro, na mwishoni kabisa ukanipitishia kwamba mbwa amemchubua mtoto. Mwanangu, barua yako ni huo mstari. Mengine yote yanaweza kungoja mwisho wa mwezi, hilo halingoji hata jioni.

Simba alichanjwa kichaa cha mbwa lini? Hujui. Karatasi ziko Brussels, na karatasi iliyoko Brussels haimlindi mtoto aliyeko Kibenga. Mwambie kaka yako apige picha akutumie leo. Hadi utakapoiona tarehe kwa macho yako, na iwe haijapitwa, mhesabu Simba kuwa mbwa asiye na chanjo.

Kichaa cha mbwa huingia kwa mate. Hakihitaji jeraha kubwa, mchubuko unatosha. Kikishaingia hutambaa kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na mwendo huo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine wiki chache tu, mara nyingine hata mwaka. Muda wote huo mtoto anacheza, anaenda shule, anakula vizuri. Siku dalili zinapoanza, daktari hana tena dawa ya kumwokoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Kimo cha mtoto kiko sawa na mdomo wa mbwa, na mtoto hajui kurudi nyuma polepole.

Lakini kifo hiki huzuilika. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, dunia inajua kwamba sindano zikiwahi, mtoto husalimika. Neno ni zikiwahi.

Basi ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa jirani. Usipige simu, nenda kwa miguu yako. Mkono wa mtoto uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Ilipaswa kufanyika saa ile ile, ila hata sasa fanyeni. Msipake pilipili, majani wala mafuta. Kisha mchukue mama na mtoto wake, mwende hospitali, na useme wazi: mtoto ameumwa na mbwa ambaye chanjo yake haijathibitishwa. Usiseme "amekwaruzwa kidogo" kwa sababu ya aibu. Sindano ni kadhaa na huenda kwa tarehe. Zote zichomwe, hata mkono ukiwa umeshapona. Gharama yake ni juu yenu. Wewe uitoe leo, kaka yako akurudishie.

Simba msimuue wala msimpe mtu. Afungwe ndani ya ua, alishwe na mtu mmoja, na aangaliwe mpaka zitimie siku kumi tangu siku aliyomuuma mtoto. Akizipita akiwa mzima, ina maana mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile, na daktari wa mtoto ataamua kama sindano zilizobaki ziendelee. Akibadilika, akibweka kwa sauti isiyo yake, akidondosha mate, akitafuna mbao, akishindwa kumeza au akifa, mwite daktari wa mifugo mara moja. Asizikwe kimyakimya, maana daktari huenda akahitaji kuupima ubongo wake.

Na hilo la mama kutolalamika, usilishike. Kimya cha jirani si msamaha. Mara nyingi ni heshima, na mara nyingine ni woga wa kugonga geti refu la watu wenye ndugu Ulaya.

Bima anayoisema kaka yako

Kaka yako hasemi uongo. Anasema ukweli wa mji anaoishi. Wasweden walianza kukatia bima farasi na ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19, na mbwa wa kwanza akaingia kwenye hati mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani ilingoja hadi 1982, na mnyama wa kwanza kupewa hati huko alikuwa Lassie, yule mbwa wa televisheni. Kwa hiyo ni jambo la watu wazima, lenye miaka mingi.

Lakini angalia linavyofanya kazi. Unalipa kila mwezi, mbwa awe mzima au mgonjwa. Akiugua, mara nyingi daktari unamlipa wewe kwanza, kwa fedha yako. Baadaye unapeleka risiti, kampuni inakata kiasi cha mwanzo ambacho ni mzigo wako, na katika kinachobaki inakurudishia sehemu, hadi kikomo cha mwaka. Hati mpya ina wiki zake za kungoja kabla haijaanza kulipa. Mbwa akiwa mzee, bei hupanda au yeye hukataliwa. Na ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya kusaini, kwa kawaida haulipwi kabisa. Simba ameshapata homa ya kupe, na ugonjwa huo una tabia ya kurudi. Ukirudi, jibu la kampuni unalijua tangu leo.

Tena hati hizo kwa kawaida humhusu mnyama anayeishi katika nchi ilikouzwa, mwenye kidude cha utambulisho chini ya ngozi, anayetibiwa kwa risiti zinazotambulika huko. Mtu yeyote akikuonyesha bima kama hiyo, tafuta kwanza palipoandikwa nchi inayohusika, ndipo utazame bei. Na hata ingekubali Burundi, wewe mwenyewe unajua yuro zinavyotafutwa Bujumbura.

Jambo kubwa hata hivyo ni hili: siku ile Simba alipokojoa mkojo mweusi, hati hiyo isingekutolea faranga hata moja. Ungelipa wewe, halafu ungengoja. Kwa hiyo minervali ingeguswa vilevile. Aliyekosa akiba huhitaji akiba hata akiwa na bima ya namna hiyo.

Usinunue hata moja kati ya hizo tatu.

Bima inayofaa kuulizwa hapa hapa

Kampuni zetu, SOCABU na wenzake, zinauza bima za magari, moto, nyumba, safari, maisha. Matibabu ya mbwa si biashara yao. Ila ipo hatari yako nyingine ambayo bima inaweza kuibeba, na ndiyo hatari kubwa kuliko homa ya kupe.

Sheria tuliyoirithi tangu enzi za Wabelgiji inasema mwenye mnyama, au anayemtumia, huwajibika kwa madhara aliyoyafanya mnyama huyo, awe mikononi mwake au ametoroka. Yasikie vizuri maneno hayo, *au anayemtumia*. Kaka yako yuko mbali. Anayemtumia Simba kulinda ua ni wewe na mumeo. Simba akimrarua mtu uso kesho, mlango utakaogongwa ni wenu. Homa ya kupe ilikula minervali ya muhula mmoja. Kesi ya mtu aliyeharibiwa mkono inaweza kula kiwanja.

Unaijua bima ya lazima ya gari. Haitengenezi gari lako, inamlipa uliyemgonga. Bima ya namna hiyo ipo pia kwa mambo ya nyumbani, na kampuni nyingi huiweka ndani ya bima ya nyumba, kwa jina la wajibu wa baba au mama wa familia kwa watu wengine. Nenda kwenye dirisha la kampuni iliyosajiliwa, ambayo ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini, inaitambua. Uliza kama bima ya nyumba ina kifungu hicho. Uliza kama kifungu kinahusu madhara ya wanyama, na kama mbwa wa ulinzi ametengwa. Uliza kama kinakulinda wewe unayekaa, hata kama nyumba na mbwa ni vya mwingine, na kiasi cha juu kinacholipwa ni kipi. Majibu uyapate kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya muuzaji hayana muhuri.

Kampuni huenda ikataka kujua kama mbwa amechanjwa na kama geti linafungwa. Tangu sheria ya 2018 ya kufuga mifugo ndani na kukataza isizurure, Burundi nzima inajua kwamba mnyama aachwaye njiani ni kosa la mwenyewe. Rekebisheni geti. Fundi wa komeo atakugharimu kidogo kuliko bima yoyote.

Mfuko wa wanyama, na nani anautia

Sasa matumizi. Nianze na swali ambalo hukuniuliza: hawa mbwa ni wa nani?

Ni wa kaka yako. Wanalinda nyumba ya kaka yako. Yeye ndiye aliyekuwa tayari wewe ulipe yuro kila mwezi kwa kampuni ya Ulaya. Vizuri. Fedha hiyo hiyo aitume kwako, kila mwezi, kwa ajili ya mfuko wa wanyama. Mwandikie kwa upole na bila kuomba radhi. Mweleze kwamba bima aliyoipendekeza haifanyi kazi hapa, kwamba umekubali kazi ya kuwatunza, na kwamba gharama ni yake. Anayetoa ushauri kutoka mbali anaweza kutoa na fedha kutoka mbali. Akikataa, utakuwa umejua jambo muhimu, na mtaamua na mumeo mbwa wangapi wanabaki.

Kiasi gani? Hesabu yako unayo tayari. Gawanya 240,000 kwa miezi 12, utapata faranga 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni akiba ya dharura moja kwa mwaka, haiguswi kwa chakula. Iweke mahali pasipochanganyika na fedha ya nyumbani, kwenye namba ya peke yake ya Lumicash, fedha ya simu, au kwa mtunza hazina mnayemwamini. Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha Nawe nuze, usikope huko kwa ajili ya mbwa. Fedha ile ni jasho la akina mama wenzako, iache ifanye kazi zao.

Chakula na kinga vihesabiwe mbali. Zungumza na mumeo kwa lugha ya ulinzi. Zamu, yule mlinzi wa getini, analipwa kila mwezi na hakuna anayenung'unika. Mbwa wa ulinzi naye ana mshahara wake, nao ni ugali, mabaki ya ndagala, dawa ya minyoo na chanjo. Ukiuandika mshahara huo kwenye daftari, mumeo ataona kazi inayolipwa, wala hataona mapenzi ya mkewe kwa mnyama.

Mambo yasiyokwepeka ni machache. Chanjo ya kichaa kila mwaka, kwa wote watatu, paka akiwamo. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe watolewe, na hili halina bei: kila jioni mkono upite masikioni, shingoni, kwenye makwapa na katikati ya vidole. Ulipie dawa ya kupe hasa miezi ya mvua, kuanzia Oktoba hadi Mei. Mtu aliyepitisha mkono kila jioni angewaona kupe wa Simba kabla hawajamfikisha alikofika.

Chanjo usiipange mwezi wa tisa. Najua tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, na ukisikia kampeni ya bure mahali popote, wapeleke. Ila Septemba ni mwezi wa minervali, madaftari na viatu, na mbwa atashindwa na viatu kila mwaka. Weka Julai. Sikukuu ya Uhuru, tarehe 1, ikikupita, ujue wiki hiyo ni ya chanjo.

Halafu usichanje peke yako. Chupa moja ya chanjo mara nyingi ina dozi kumi, na ikishafunguliwa hutumika siku hiyo hiyo. Kumwita daktari wa mifugo kwa mbwa wawili, katika mji ambao mafuta ya gari yamekuwa ya kutafutwa, ni ghali. Kumwita kwa mbwa kumi wa mtaa mmoja kunagawanya gharama ya njia na chupa. Anza na yule jirani. Kule Pemba, kisiwa cha Waislamu ambako wachache sana wanafuga mbwa ndani, waliwachanja mbwa kijiji kwa kijiji. Ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarudi 2016 chanjo zilipolegea, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukakoma tena. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mtaa wenu unaweza kufika saba.

Yule jike afungwe kizazi mapema. Hubeba mimba wiki tisa tu, na watoto wake wote watahitaji chanjo na minyoo kutoka kwenye mfuko huo huo. Paka naye vivyo hivyo. Na dawa za binadamu usiwape kamwe: paracetamol humuua paka, ibuprofen na diclofenac huharibu tumbo na figo za mbwa.

Kikomo, kabla usiku haujaingia

Hili ni gumu, na wengi hulikimbia. Kaeni na mumeo mkiwa mmetulia, muamue kiasi ambacho hamtakivuka kwa kila mnyama. Akiba iliyoko mfukoni, labda na nyongeza mliyokubaliana, basi. Ikizidi hapo, mtamwomba daktari amlaze mnyama bila maumivu, na hakuna atakayemwita mwenzake katili. Kikomo kikiamuliwa mchana hulinda ndoa usiku. Mkikingoja hadi Simba alale sakafuni akihema, atakayeamua ni machozi, na machozi hayajui minervali.

Zipo njia nyingine, nazo zina bei. Kumpeleka Simba Brussels kunawezekana: kidude cha utambulisho, chanjo, siku 30, kipimo cha damu, kisha miezi mitatu ya kungoja kabla ya kusafiri, mbali na ndege. Kaka akimpenda hivyo, agharimie. Kumpa mtu mwingine mwenye ua na uwezo ni njia halali, baada ya siku zile kumi na baada ya chanjo, na huku ukimwambia ukweli kwamba aliwahi kumuuma mtoto. Njia isiyo halali ni kumwachia kando ya mto Ruzizi au sokoni na kusema ametoroka. Huko kuna watoto pia.

Kuhusu mumeo, usianze na mbwa. Kabla hujaweka faranga ya kwanza kwenye mfuko wa wanyama, rudisha zile 240,000 za minervali, hata kwa vipande viwili au vitatu, na kila ukilipa mwonyeshe risiti ya shule. Ndipo ufungue daftari la zamu wa miguu minne mbele yake, na umwachie yeye aandike kikomo.

Siku ya kumi ya Simba ikipita, niandikie. Uniambie yuko vipi, na mtoto ameshachomwa sindano ngapi.

Shangazi